Sura ya Nne: Uso wa Mtoto Kwenye Kopo

Siagi ya karanga iliisha zamani. Kilichobaki ni kindoo cha bati chenye mkono wa waya, kutu kidogo ukingoni, na ubavuni picha ya mvulana mwenye macho makubwa. Mama fulani wa Marekani, mnamo miaka ya 1920, alikinunua kwa ajili ya kilichokuwa ndani. Mwanawe alikitaka kwa ajili ya kilichochorwa nje. Siagi ilipokwisha, kindoo kikawa cha mtoto, cha kuwekea gololi na vipande vya chaki. Leo kinapandishwa mnadani kikiwa kitupu, na watu wazima wanakigombea.

Mvulana wa pichani ni Jackie Coogan, nyota wa kwanza mkubwa wa umri wa utotoni katika historia ya sinema. Alikuwa na wenzake: Baby Peggy, Baby Marie Osborne, Wesley Barry mwenye madoadoa usoni, na kundi zima la Our Gang. Wote waling'ara katika zama za filamu bubu, kabla sauti haijaingia mwishoni mwa miaka ya 1920, na wote waliacha nyuma yao kadi, mabango, wanasesere, masanduku ya penseli na picha zenye sahihi. Kuna watu wanaovitafuta vitu hivyo kwenye minada, masoko ya vitu kuukuu na madari ya nyumba zinazobomolewa.

Ni tawi dogo la ukusanyaji, lakini lina jambo ambalo stempu na sarafu hazina. Nyuma ya kila kitu yupo mtoto aliyefanya kazi, na mara nyingi mno mtoto huyo hakuiona fedha. Kwa hiyo anayevikusanya vitu hivi hukusanya pia ushahidi wa hesabu ambayo haikufungwa: nani aliuza, nani alinunua, na nani alistahili kulipwa.

Aliyechuma juani

Jackie alizaliwa Los Angeles mwezi Oktoba 1914, katika familia ya wasanii wa jukwaani. Baba yake alikuwa mtu wa vodevili, yale maonyesho ya nyimbo, dansi na vichekesho yaliyozunguka miji ya Marekani kabla sinema haijayameza. Mwaka 1919 Charlie Chaplin alimwona mtoto huyo na kushangazwa na uwezo wake wa kuiga. Ukimwonyesha ishara mara moja, anairudisha ikiwa kamili, na juu yake anaongeza kitu chake mwenyewe. Chaplin akampa nafasi ndogo katika A Day's Pleasure, kisha akamfanya mwenzake katika The Kid, iliyotoka mapema mwaka 1921.

Hadithi yake inajulikana. Fundi vioo maskini anamlea mtoto aliyeokotwa. Mtoto anatangulia mtaani akivunja madirisha kwa mawe, fundi anapita nyuma akijifanya amefika kwa bahati, tayari kuyatengeneza. Kisha wanakuja maofisa kumchukua mtoto kumpeleka kwenye nyumba ya yatima, naye ananyoosha mikono akilia kutoka ndani ya gari. Kilio hicho hakina sauti hata kidogo, lakini kiliwaliza watu katika nchi ambazo hakuna aliyejua neno la Kiingereza. Filamu bubu ilivuka mipaka kwa urahisi: unabadilisha vibao vya maandishi, uso unabaki uleule. Ndiyo maana kadi za posta za Jackie hupatikana zikiwa zimechapwa Berlin na Paris pamoja na New York.

Fedha zilifuata. Mwaka 1922 alikuwa Oliver Twist, akiigiza na Lon Chaney. Mwaka 1923 kampuni ya Metro ilimsajili kwa mkataba wa dola milioni moja, na juu yake bonasi ya dola 500,000 ya kutia sahihi. Alikuwa bado hajafikisha miaka kumi. Nje ya studio, uso wake uliuza siagi ya karanga, karatasi za barua, filimbi, wanasesere, vinyago vya mezani, kofia na nguo za wavulana. Nywele zake zilizokatwa usawa wa nyusi zikawa mtindo. Mwaka 1924 alisafirishwa kwa meli kwenda Ulaya katika kampeni ya kuwasaidia yatima wa Mashariki ya Karibu, akapokewa Ugiriki kwa heshima za mfalme mdogo na kukutanishwa na Papa Pius XI.

Mwezi Mei 1935 baba yake alifariki katika ajali ya gari. Jackie mwenyewe alikuwa ndani ya gari hilo, na ndiye pekee aliyetoka hai. Miezi michache baadaye alitimiza miaka 21, akategemea kukabidhiwa mali aliyoichuma tangu utotoni. Hakukabidhiwa kitu. Baadaye mama yake aliolewa na msimamizi wa fedha za familia, na wawili hao wakashikilia kwamba kwa sheria ya California mapato ya mtoto ni ya wazazi. Sheria ilikuwa upande wao.

Mwaka 1938 Jackie aliwashtaki. Mapato yake ya utotoni yalikadiriwa kuwa kati ya dola milioni tatu na nne. Kesi ilipokwisha, kilichokuwa kimesalia kilikuwa kama robo milioni, naye akapata nusu yake: dola 126,000. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Hapa aliyechuma juani alikuwa mmoja, na waliokula kivulini walikuwa wengine, kwa magari, vito, manyoya na nyumba.

Kelele za kesi hiyo zilizaa sheria ya California ya mwaka 1939, ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake. Iliruhusu mahakama kuagiza sehemu ya mapato ya mtoto, hadi nusu, iwekwe akiba. Ilikuwa na matundu mengi, kwa sababu mkataba usiofikishwa mahakamani haukuguswa. Ilichukua hadi mwaka 2000 kuyaziba: tangu hapo mapato ni mali ya mtoto mwenyewe, na angalau asilimia 15 lazima iwekwe katika akaunti asiyoweza kuigusa mtu mwingine. Watoto wanaoigiza California leo hufunguliwa akaunti hiyo, na benki zenyewe huiita akaunti ya Coogan.

Jackie aliishi hadi 1984. Kizazi cha televisheni kilimjua akiwa mnene na mwenye upara, Uncle Fester wa The Addams Family, na wengi hawakuwahi kumhusisha na yule mvulana wa kwenye bati.

Vitu vyenyewe

Wakusanyaji hugawa vitu hivi mafungu mawili: vilivyotengenezwa kwa ajili ya kumbi za sinema, na vilivyotengenezwa kwa ajili ya umma. Tofauti ni kubwa, kwa sababu vile vya kumbini havikukusudiwa kumilikiwa na mtu yeyote.

Chukua kadi za ukumbini. Hizi ni karatasi ngumu za sentimita 28 kwa 36, kwa kawaida nane kwa kila filamu: moja ya jina na saba za matukio. Mwenye ukumbi alizikodi pamoja na filamu, akazibandika mlangoni kwa siku chache, kisha akazirudisha au kuzipeleka kwenye ukumbi wa mji unaofuata. Mabango makubwa, yale ya sentimita 69 kwa 104, yalipakwa gundi ukutani na kufunikwa na bango la wiki iliyofuata. Slaidi za kioo, ndogo kuliko kiganja, ziliwekwa kwenye projekta kutangaza filamu ijayo. Kioo kikianguka, basi. Vitabu vya matangazo vilimfundisha mwenye ukumbi namna ya kuujaza, na humo ndani kuna mambo ya kusisimua: andaa shindano la mtoto anayefanana na nyota, zungumza na mwenye duka la nguo, waalike yatima bure na uwaite waandishi wa habari.

Baadaye, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walihimizwa kutoa karatasi kuukuu zitumike upya viwandani, na shehena za mabango zikaenda huko. Yaliyosalia yalisalia kwa bahati: yalitandikwa chini ya zulia, yakashindiliwa ukutani kuzuia baridi, au yakahifadhiwa na mfanyakazi aliyeona haya kuyatupa. Ndiyo sababu bango lililotoka kwenye mashine kwa mamia leo linaweza kubaki nakala mbili au tatu, na bei yake kuwa ya nyumba.

Vitu vya umma vina historia nyingine. Hivi vilipendwa. Mashabiki walikata picha kutoka majarida kama Photoplay na Motion Picture Magazine na kuzibandika kwenye daftari. Watoto walikusanya kadi zilizotoka ndani ya pakiti za peremende, na watu wazima zile za ndani ya pakiti za sigara. Kampuni ya Ross Verlag ya Berlin ilichapa kadi za posta za nyota zenye namba za mfululizo, na hadi leo wapo wanaohangaika kukamilisha safu. Kuna pia karatasi za nota za nyimbo zenye picha ya nyota kwenye jalada, na wanasesere wa karatasi wenye nguo za kukatwa kwa mkasi. Wanasesere hao, wakipatikana nguo zao hazijakatwa, thamani hupanda mno. Yaani soko humzawadia mtoto ambaye hakucheza.

Katika fungu hili hali ya kitu husimulia mengi. Kindoo kilichokwaruzwa kilikuwa na mwenyewe aliyekipenda, ilhali kile kinachong'aa huenda kilisahaulika kwenye stoo ya duka. Wafanyabiashara wanataka kinachong'aa. Mwanahistoria, akiwa na akili, atataka vyote viwili.

Filamu iliungua, karatasi ikabaki

Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa ripoti ya mwanahistoria David Pierce kuhusu filamu bubu ndefu zilizotengenezwa nchini humo kati ya 1912 na 1929. Zilikuwa karibu 11,000. Zilizosalia zikiwa kamili na katika umbo lake la awali ni asilimia 14 tu.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni kemia. Mkanda wa filamu wa wakati ule ulitengenezwa kwa selulosi ya naitreti, jamii moja na baruti. Ukishika moto hutoa oksijeni yake wenyewe, kwa hiyo hata ukiuzamisha majini huendelea kuungua. Usipoungua, huoza: hunata, hutoa povu, mwisho huwa unga wa kahawia. Sababu ya pili ni biashara. Sauti ilipoingia, filamu bubu zilionekana takataka, na ndani ya kila mkanda mlikuwa na madini ya fedha yanayoweza kuyeyushwa na kuuzwa. Mwaka 1948 Universal iliteketeza kwa makusudi shehena yake ya filamu za zama hizo.

Miongoni mwa walioumizwa sana na hasara hiyo ni Peggy-Jean Montgomery, aliyezaliwa San Diego mwezi Oktoba 1918. Baba yake alikuwa mpanda farasi aliyeanguka kutoka juu ya farasi badala ya mastaa, kazi ya hatari yenye ujira wa kubabaisha. Mtoto alipofika miezi 19, mama yake alimpeleka kutembelea studio ya Century kwenye barabara ya Sunset, Hollywood. Mwongozaji mmoja akaona katoto kanakotulia pale kanapoambiwa, akakaweka mbele ya kamera pamoja na Brownie, mbwa nyota wa studio. Akawa Baby Peggy. Kati ya 1921 na 1924 aliigiza katika filamu fupi zinazokadiriwa kufika 150, akiwadhihaki mastaa wakubwa kwa mavazi na mikogo yao. Kisha zikaja filamu ndefu, zikiwemo The Darling of New York na Captain January.

Kazi yake haikuwa mchezo. Yeye mwenyewe alisimulia alipokuwa mtu mzima kwamba alifanya kazi saa nane kwa siku, siku sita kwa wiki, bila shule. Katika The Darling of New York waliwasha moto kwenye chumba cha kuigizia. Moto ukazidi walivyokusudia, mlango alioambiwa atokee ukashika, naye akalazimika kutokea dirishani. Alikuwa na umri wa miaka minne.

Mwaka 1924 kampuni ya Louis Amberg ya New York ilitoa wanasesere wa Baby Peggy, baadhi wakiwa na vichwa vya kauri vilivyofinyangwa Ujerumani: wapo wenye tabasamu na wapo wenye uso mzito. Mwaka huohuo alipandishwa jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic mjini New York akiwa kipenzi rasmi cha mkutano, karibu na Franklin D. Roosevelt. Mwaka uliofuata baba yake aligombana na mtayarishaji kuhusu mshahara, na milango ya studio ikafungwa. Akazungushwa kwenye kumbi za vodevili hadi 1929. Sehemu ya akiba yake ilichukuliwa na ndugu aliyekabidhiwa kuisimamia, iliyosalia ikazama katika mdororo wa uchumi. Katika miaka ya 1930 alirudi Hollywood kusimama katikati ya umati wa waigizaji wasio na majina, kwa ujira wa siku.

Studio ya Century nayo iliungua mwaka 1926, na nyingi ya filamu fupi za Peggy zikapotea nayo. Kwa hiyo kwa miongo mingi Baby Peggy alikuwepo zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye filamu. Kadi za ukumbini, picha za matangazo na kurasa za majarida ndizo zilizowawezesha watafiti kujua filamu fulani iliwahi kuwepo, nani aliigiza, mavazi yalikuwaje. Hapo ukusanyaji huacha kuwa burudani ya matajiri. Kadi moja iliyohifadhiwa na mtu asiyejulikana inaweza kuwa ndicho pekee kilichobaki cha kazi ya wiki nzima ya watu 30.

Mara nyingine filamu yenyewe huibuka, na karatasi humsaidia mtu kuitambua. Mwaka 1978 wajenzi wa Dawson City, kaskazini mwa Kanada, walichimbua mikanda zaidi ya 500 iliyofukiwa kwenye bwawa la kuogelea la zamani, ikiwa imehifadhiwa na barafu. Oliver Twist ya Jackie ilidhaniwa imepotea hadi nakala ilipopatikana Yugoslavia katika miaka ya 1970. Haikuwa na vibao vya maandishi, na Coogan mwenyewe alisaidia kuvirudisha kutoka kwenye kumbukumbu yake. Mwaka 2016 filamu ya Baby Peggy iitwayo Our Pet ilijitokeza Japani. Filamu fupi nyingine zimesalia kwa sababu kampuni ya Pathé ya Ufaransa, kuanzia 1922, iliuza matoleo madogo ya kutazama nyumbani, kwenye mkanda usioshika moto kirahisi.

Ushauri mmoja kwa anayeanza: ukikuta kopo la mkanda wa naitreti kwenye urithi wa babu, usiliweke sebuleni na usijaribu kuuendesha kwenye projekta. Wasiliana na hifadhi ya filamu. Karatasi ni yako, lakini mkanda unahitaji chumba baridi na watu waliosomea.

Sammy na Farina

Mwaka 1919 mtayarishaji Hal Roach alitia sahihi mkataba wa muda mrefu na Ernie Morrison, mtoto mweusi mzaliwa wa New Orleans aliyejulikana kwa jina la Sunshine Sammy. Hakuna mtoto mweusi aliyewahi kupata mkataba kama huo Hollywood kabla yake. Roach alipoanzisha mfululizo wa Our Gang mwaka 1922, Sammy alikuwa miongoni mwa nguzo zake. Muda si mrefu aliyevuma zaidi akawa Allen Hoskins, aliyeigiza kwa jina la Farina akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, na kuendelea hadi 1931 katika filamu zaidi ya mia moja.

Katika filamu hizo watoto weusi na weupe walicheza pamoja mtaani, walivaa matambara yaleyale na kugawana njaa ileile, katika nchi ambayo sehemu kubwa ya shule zake ziliwatenganisha. Hilo lilikuwa jambo jipya. Papo hapo, vichekesho vingi vilimgeuza mtoto mweusi kuwa kichekesho kwa sababu ya rangi yake: hofu ya mizimu, tikitimaji, nywele zilizosokotwa kila upande. Filamu ileile ilimfungulia mlango na kumdhihaki akiingia.

Vitu vilivyouzwa vinabeba mambo hayo mawili, na mara nyingi vibaya zaidi kuliko filamu. Mchoraji wa sanduku la penseli hakuwa na Allen mbele yake. Alichora katuni aliyoizoea, midomo mikubwa na macho ya kutokeza. Wenzake weupe kwenye sanduku hilohilo wanafanana na watoto wenyewe.

Mkusanyaji afanyeje? Wapo wanaokwepa vitu hivyo kabisa, na wapo wanaovinunua kwa uchu usio na haya. Kuna njia ya tatu, ile ya jumba la makumbusho la Jim Crow katika Chuo Kikuu cha Ferris State, Michigan, linalokusanya vitu vya kibaguzi ili vifundishe jinsi dharau ilivyouzwa madukani kama bidhaa ya kawaida. Mtu binafsi anaweza kuifuata njia hiyo nyumbani kwake. Weka picha halisi ya Allen Hoskins pembeni ya sanduku lile la katuni. Andika kwamba alipokuwa mtu mzima aliacha uigizaji na kufanya kazi ya kuwasaidia watu wenye ulemavu huko California. Mtazamaji ataona mwenyewe umbali kati ya mtoto na mchoro.

Halisi na bandia

Soko likipanda bei, waghushi huamka mapema. Vipimo vichache huokoa fedha nyingi.

Anza na kioo cha kukuzia. Bango la litografia la mwaka 1922 lilichapwa kwa mawe au sahani za zinki, kila rangi kwa zamu yake, na chini ya kioo utaona chembe zisizo na mpangilio, kana kwamba limepakwa kwa krayoni. Nakala ya kisasa huonyesha nukta ndogo za rangi nne zilizopangwa kwa nidhamu. Pili, taa ya urujuanimno. Viwanda vya karatasi vilianza kutumia kemikali za kung'arisha weupe baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Karatasi inayowaka buluu chini ya taa hiyo haiwezi kuwa ya mwaka 1922. Tatu, picha za matangazo. Picha halisi ya zamani, ikitazamwa kwa pembeni, mara nyingi huwa na mng'ao wa kioo kwenye sehemu nyeusi, kwa sababu chembe za fedha zimepanda juu. Huo si uchafu, usiufute.

Kwa wanasesere, kichwa cha kauri huwa na maandishi nyuma ya shingo: jina au herufi za kampuni, pengine mwaka na nchi. Vile vya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi hupasuka nyufa ndogondogo vikikaa penye unyevu kisha pakavu. Mwanasesere wa umri huo asiye na ufa hata mmoja anastahili maswali. Nguo ndizo hubadilishwa zaidi. Gauni lenye lebo yake ya awali linaweza kuwa na thamani kubwa kuliko mwili linaouvika.

Sahihi zina mtego wake. Picha ya Baby Peggy ya mwaka 1923 yenye sahihi nzuri ya wino huwavutia wengi, hadi mtu akumbuke kwamba mwaka huo mtoto mwenyewe alikuwa na miaka minne. Sahihi za watoto wa aina hiyo ziliandikwa na mama au katibu wa studio, au zilipigwa kwa muhuri wa mpira. Zina historia yake, kwani zinaonyesha jinsi hata jina la mtoto lilivyotumiwa na wengine, lakini mtu asikuuzie kwa bei ya sahihi ya mkono wa nyota mwenyewe.

Nani alilipwa

Sahihi za kweli za Baby Peggy zipo, nazo ziliandikwa na bikizee. Baada ya miaka mingi ya kulikimbia jina hilo, Peggy-Jean alijiita Diana Serra, akaolewa na kuwa Diana Serra Cary, akafanya kazi ya kununua vitabu kwa ajili ya duka la chuo kikuu, na mwisho akawa mwandishi wa historia. Alianza na kitabu juu ya wapanda farasi wa Hollywood waliofanya kazi na baba yake. Mwaka 1978 alitoa Hollywood's Children, kuhusu watoto waliofanyishwa kazi kwenye sinema. Mwaka 1996 akaandika maisha yake mwenyewe. Mwaka 2003 akaandika ya Jackie Coogan. Aliandika bila kujihurumia. Alitaka kuonyesha mtambo wote: wazazi wasio na kazi nyingine, studio zenye haraka, umma unaonunua wanasesere.

Katika uzee wake mashabiki walimtumia kwa posta kadi na picha ambazo wengi wao walizinunua minadani, naye akazitia sahihi. Vitu vilivyouzwa kwa uso wake, bila idhini yake, vilipita mikononi mwake kwa mara ya kwanza akiwa na uwezo wa kusema ndiyo au hapana. Alifariki Februari 2020 akiwa na miaka 101, na kwa kifo chake zama zile zilimpoteza mmoja wa mashahidi wake wa mwisho.

Mashahidi wakishaondoka, mzigo hubaki kwa wenye vitu. Daftari la kawaida la mkusanyaji huwa na safu za jina la kitu, mwaka, kampuni, hali na bei aliyonunulia. Kwa vitu vya sura hii, ongeza safu mbili. Ya kwanza iwe jina la mtoto alilopewa na wazazi wake, na umri wake siku picha ilipopigwa: Allen Hoskins na si Farina pekee, Peggy-Jean Montgomery na si Baby Peggy pekee. Ya pili iwe na swali moja: nani alilipwa? Mara nyingi utajaza jina la kampuni, mara nyingine la baba au mama, na mara nyingi zaidi safu itabaki wazi. Usiifute kwa sababu iko wazi. Anayekurithi atahitaji kuona kwamba uliuliza.